Masila Aliyemwagia Mkuyu Oili

Festus Masila anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, baada ya kufanya kazi miaka thelathini na saba na miezi tisa mahali pamoja. Nasema mahali pamoja, sisemi kazi moja, kwa sababu aliingia hapa Februari 1988 pakiwa gareji ya marehemu Mzee Ndeti, na anatoka pakiwa studio ya binti yake Mzee, Loise Syokau. Yeye mwenyewe hakuhama hata futi moja. Jengo ndilo lililohama, likamwacha amesimama na spana mkononi.

Anayeandika ni mimi Kisilu, fundi wa kunyoosha bodi na kupaka rangi. Mimi niliingia 1985, kwa hivyo ni mkubwa wake na nilimpokea. Loise aliniomba nijaze kurasa mbili za programu ya sherehe. Alisema, "Mzee Kisilu, andika kitu cha kuchangamsha watu, lakini usidanganye." Kwa Masila hayo mawili ni rahisi. Ukisema ukweli wake tu, watu wanachangamka wenyewe.

Shule niliachia darasa la nne, lakini mwandiko wangu unajulikana Machakos nzima. Bango la NDETI GALAGE pale mbele ni mkono wangu, mwaka wa 1991, na halijachubuka mpaka leo. Kuna wanaosema herufi moja ilikosewa. Niliandika vile tulikuwa tunatamka. Loise amebomoa karibu kila kitu hapa, lakini bango hakuligusa, na wageni wake kutoka Nairobi wanapigania nafasi ya kupigwa picha chini yake. Hawapigwi picha chini ya kitu chochote alichotengeneza Masila. Hilo nalo liandikwe.

Basi. Masila alitoka Kalama akiwa na mkoba mmoja na maneno mengi. Alimwambia Mzee Ndeti kwamba hakuna injini asiyoijua. Akapewa Pijo ya mwalimu Henry wa Kyumbi, aifungue, aioshe, aifunge. Kuifungua aliifungua vizuri sana. Sijaona mtu akifungua gari namna ile. Alipomaliza kuifunga, nati saba zilibaki chini. Mzee Ndeti akauliza, "Na hizi?" Masila akajibu bila kupepesa macho, "Hizo Wafaransa waliweka za akiba." Gari ikawaka. Ikaenda Kyumbi, ikarudi, na mwalimu Henry akaiendesha miaka kumi na minne zaidi, mpaka ilipouzwa ikiwa bado inatembea.

Tangu siku hiyo kila nati iliyobaki Masila aliiweka kwenye mkebe. Mkebe ulijaa, akatafuta wa pili. Sasa ako na minne. Ukikaa ukapanga vizuri, ndani ya hiyo mikebe mna gari nzima ambayo wenyewe hawajui waliipoteza. Lakini nitasema na hili, kwa sababu niliambiwa nisidanganye: breki hakubakisha nati. Kwa miaka yote hiyo hakuna mtu hata mmoja aliyerudi hapa kulalamika juu ya breki, na kuteremka kutoka hii milima yetu bila breki mnajua kunampeleka mtu wapi.

Ofisi yake ilikuwa lile shimo la kuingia chini ya gari. Aliingia asubuhi na kutoka jioni, na ukitaka kuongea naye ilibidi uinamie kama mtu anayeongea na kisima. Nyuma ya gareji kuna ule mkuyu mkubwa. Tawi lake nene tulilifunga mnyororo, na hapo ndipo tuliinulia injini. Sasa mkuyu ni mti wenye udadisi. Mwaka fulani mzizi wake ulitoboa simiti ya shimo ukamchungulia Masila kazini. Fundi mwingine angeukata. Masila aliutundikia koti. Ulipozidi kunenepa akautundikia na spana kwa ukubwa wake, kumi na mbili, kumi na tatu, kumi na nne. Alikuwa akiusalimia asubuhi. Sisi tulikuwa tukimcheka, na sioni sababu ya kuacha.

Mzee Ndeti alifariki 2019. Baada yake magari yalianza kupungua. Magari ya siku hizi yanachomekwa kompyuta na kueleza yenyewe mahali yanaumwa. Masila yeye huweka sikio kwa boneti, anafunga macho, halafu anasema, "Inalalamika." Wenye magari wakaanza kwenda kwa wenye kompyuta. Kufikia mwisho wa 2023 tulibaki wawili na pikapu moja, na hiyo pikapu ilikuwa ya Masila.

Machi mwaka uliofuata Loise akarudi. Tulimjua akiwa mtoto. Baba yake alimfungia bembea kwa tawi lile lile la injini, na ilibidi tumngoje ashuke ndiyo tuinue injini. Alikuwa amesomea mambo ya kuchora nyumba na samani. Alitukalisha akatuambia anageuza gareji iwe studio.

Mimi nilinyamaza nikasikiliza, kwa sababu mtu mwenye akili husikiliza. Masila alisikia neno moja tu, studio, akaenda nalo nyumbani. Hapa kwetu studio ni mahali unapigwa picha ya pasipoti. Kwa hivyo kwa mwezi mzima aliambia kila mtu, kanisani, sokoni, kwa fundi wa viatu, kwamba binti ya Ndeti anafungua studio, na ni yeye atakuwa akipanga watu.

Jumamosi moja, ukuta wa nyuma ukiwa ndiyo umebomolewa, nikamwona Kasyoki, jirani yake Masila kule Kalama, akiingia na bwanake na watoto wanne. Wamevaa za kanisa. Watoto wamepakwa mafuta mpaka wanang'aa kama gari mpya. Masila akawapanga kwa stuli ya Loise ya kuchorea, mkuyu ukiwa nyuma yao, akamvuta mmoja kidevu juu, akamwambia bwanake Kasyoki ashushe mabega. Halafu akaita, "Mwaitu, wateja wako wamefika." Huwa anamwita Loise mwaitu, yaani mama yangu, kwa heshima, naye Loise humwita Nau, yaani baba yangu.

Loise akatoka na karatasi zake. "Wateja wa nini, Nau?"

"Wa studio."

Loise akamwangalia Kasyoki. Kasyoki akatabasamu kwa meno ya picha. Nilingoja nione msichana aliyesoma atafanya nini. Alitoa simu mfukoni akasema, "Wa nyuma wasogee kidogo." Hiyo picha iko pale mlangoni kwa fremu, na ndiyo kazi ya kwanza kutoka kwa hiyo studio. Wageni wanadhani ni ya maonyesho.

Wengine wenu mtakuja sherehe na hamjaona mahali palivyo, kwa hivyo nieleze. Ukuta wa upande wa mkuyu haupo. Badala yake kuna milango ya vioo inayokunjwa kama barua, na watu wanakaa kwa meza ndefu wakichora huku upepo unawapepea na ndege wananyea karatasi. Kuta nyingine zimepakwa udongo mwekundu, ule ambao nyanya zetu walipaka na sisi tukajitahidi maisha yote kuukimbia. Mabati ya juu mengine yametolewa yakawekwa ya kupitisha mwanga. Shimo la Masila limekuwa bwawa la maji ya mvua, lina matete na vyura. Loise anasema hii yote ni kuunganisha kazi na mazingira. Nilimwambia kwa heshima kwamba sisi tuliunganishwa na mazingira toka 1985. Paa lilikuwa linavuja, panya walizaa ndani ya viti vya magari, na siku moja nyoka alitoka kwa injini ya lori. Hakuna mtu aliyetoka Nairobi kuja kutuangalia.

Masila alipoona shimo lake lina chura alikaa pembeni siku nzima. Kesho yake akashuka na gambuti akafuta ule mzizi matope, akarudisha spana zake tatu. Ziko hapo zinashika kutu. Loise alikataa zitolewe.

Sasa nifike mahali ambapo kalamu ni nzito.

Mwaka huu, mwezi wa Juni, mkuyu ulianza kupukutisha majani upande wa kwetu. Julai matawi ya upande huo yalikuwa makavu. Loise alikuwa amepanga kila kitu kiuangalie huo mti: meza, vioo, bwawa, kila kitu. Na si hivyo tu. Aliniambia siku moja kwamba yeye hakurudi kwa sababu ya gareji, alirudi kwa sababu ya bembea. Akaita mtaalamu wa miti kutoka upande wa Athi River, mama mmoja mfupi anaitwa Bi. Kalunde, asiyecheka.

Bi. Kalunde alichimba kidogo kwa kijiko, akanusa, akasema, "Hii si udongo. Hii ni gari." Akazunguka paa akaangalia juu. Akasema makosa ni mawili. La kwanza, udongo umekunywa oili chafu miaka mingi sana. La pili, mti uliponea kwa sababu paa letu bovu lilikuwa halina mfereji, mvua yote ikawa inamwagika kwenye shina na kuisukuma oili chini. Loise aliweka mifereji mizuri, ikapeleka maji yote kwa vyura. Mti ukabaki na oili peke yake. Kwa hivyo mnaona: ile studio ya kupenda miti ndiyo iliyounyima mti maji, na ile gareji chafu ndiyo iliyokuwa ikiunywesha. Nilitaka kucheka, lakini Bi. Kalunde alikuwa hajamaliza. Alisema huo udongo usipobadilishwa kabla ya mvua za Novemba, mkuyu ukatwe, kwa sababu utawaangukia watu.

Loise akauliza, "Ni nani alimwaga oili hapa?"

Tulikuwa wanne tumesimama. Masila akainua mkono kama mtoto wa shule. "Ni mimi, mwaitu. Kila Ijumaa, tangu nije. Ili mchwa wasiule."

Kila Ijumaa, miaka thelathini na sita! Hakuna mti Kenya hii uliotunzwa kwa bidii kama huo. Mtu mwingine angemwaga kwa mtaro akaenda zake. Yeye alibeba debe, akauzunguka polepole, asikose upande.

"Nani alikwambia ufanye hivyo?"

Masila akaangalia viatu vyake. Akasema, "Niliambiwa na wakubwa."

Wakubwa mwaka wa 1988 walikuwa wawili. Mmoja alikuwa Mzee Ndeti, amezikwa. Loise aliposikia hilo neno aligeuka akaangalia ule mnyororo kwa tawi, akasema, "Basi ni baba," akaingia ndani. Tangu siku hiyo picha ya baba yake, iliyokuwa mezani pake, sijaiona.

Mkubwa wa pili alikuwa amesimama hapo hapo, mikono mfukoni, akitafuta kitu angani.

Mimi sipendi maneno mengi kwa hivyo nitasema mara moja. Wiki ya pili ya Masila hapa, aliniuliza oili chafu inamwagwa wapi. Nilikuwa na brashi mkononi na lori la watu linaningoja. Nilimjibu, "Mwagia miti, isiliwe na mchwa." Nilimaanisha miti ya ua, zile nguzo za kuzunguka kiwanja. Kila mtu wa hapa hupaka nguzo zake oili chafu. Nasema tena, nilimaanisha nguzo, na mtu yeyote mwenye masikio mawili angeelewa nguzo. Lakini neno nililotoa lilikuwa miti, na Masila alipoinua macho, aliona mkuyu.

Je, nilimwona akiumwagia? Nilimwona. Ijumaa ya kwanza nilicheka mpaka nikaharibu rangi ya mlango wa watu. Ijumaa ya pili nikasema atajua mwenyewe. Ikapita miezi. Baada ya miaka kumi huwezi tena kumwambia mtu kwamba anakosea, atakuuliza ulikuwa wapi. Nguzo za ua, kama mnataka kujua, ziliisha zote. Mchwa walikula mpaka misumari ikabaki imesimama peke yake.

Jioni ya siku hiyo ya Bi. Kalunde nilimfuata Masila nje. Nilidhani atanitusi, na nilikuwa nimejiandaa kumtusi pia. Alisema tu, "Kisilu, wewe unaongea kila siku. Leo ndiyo ulipata homa ya mdomo?" Akaenda kutafuta ndoo.

Bi. Kalunde alikataza jembe na sepetu ili mizizi isikatwe. Mikono tu, na kijiko. Kwa hivyo kuanzia Agosti mpaka katikati ya Oktoba, Festus Masila, fundi mkuu, mtu wa miaka sitini na mitatu, alipiga magoti chini ya mkuyu akautoa udongo wake mwenyewe kijiko kwa kijiko, kama mtu anayemlisha mgonjwa lakini kinyume. Udongo mpya aliutoa shambani kwake Kalama na kuuchanganya na mbolea ya mbuzi wake. Aliuleta kwa ile pikapu. Pikapu ilikufa barabarani mara tano. Mara ya tatu alisaidiwa kusukuma na mtu aliyemuuliza, "Mzee, hujui fundi?" Hilo amenikataza nisiandike.

Nami nilisaidia. Nilibeba ndoo mia mbili na kumi na moja. Masila atawaambia ni mia na themanini. Msimsikize, huyo ndiye mtu wa nati saba za akiba. Nikipumzika kidogo alikuwa ananiita mbele ya wageni wa Loise, "Kisilu, leta ndoo. Ama unangoja mchwa wabebe?" Wageni walicheka bila kujua wanachochekea. Mimi nilijua. Loise naye alirudisha mfereji wa upande wa nyuma ulivyokuwa zamani, yaani hakuna, na sasa mvua inamwagika kwenye shina kama siku za gareji. Vyura wamelalamika.

Kwa miezi hiyo yote Masila hakulitaja jina langu kwa Loise kwenye habari ya oili. Angelitaja mara moja tu, angeinuka akaenda kupumzika, na mimi ndiye ningepiga magoti. Kustaafu kwake kulikuwa kumekaribia, tarehe ilikuwa inajulikana, na angeondoka akiwa mtu aliyetumwa, si mtu aliyeua mti. Hakulitaja. Nilifikiri sana kwa nini. Si kwamba ananipenda. Nadhani ni mtu ambaye hajawahi kurudisha nati mahali pake, na hakuona sababu ya kuanzia kwangu.

Jumanne ya wiki iliyopita, mvua ikiwa imenyesha siku sita, Bi. Kalunde alirudi. Alikwaruza tawi la injini kwa ukucha. Chini ya gome palikuwa kijani. Karibu na mnyororo, mahali chuma kimezama ndani ya mti, kulikuwa na majani matatu madogo kama masikio ya panya. Masila akauliza, "Umepona?" Bi. Kalunde akasema, "Sijasema umepona. Umekubali. Mtaniuliza tena mwaka ujao." Masila akavua kofia. Matawi mawili makavu yatakatwa, na Loise anasema yatakuwa benchi.

Loise, hapa ndipo nakuongelesha wewe. Uliniambia kabla ya kuchapishwa nikuonyeshe, urekebishe herufi. Sikukuonyesha. Nilipeleka mwenyewe kwa wachapaji, na unasoma sasa pamoja na watu wote, kwa sababu ningekuletea mezani ungesema, "Si kitu, Mzee Kisilu," ukaitoa sehemu hii. Baba yako hakusema. Baba yako aliniuliza mara mbili kwa nini Masila anazunguka mti na debe, na mara zote mbili nilimwambia anaosha debe. Rudisha picha yake mezani. Na Masila alitumwa na mimi, kwa neno langu, akalifanya kwa uaminifu kuliko mtu yeyote aliyewahi kunisikiliza. Wanangu wenyewe hawajanisikiliza hata wiki moja.

Sasa Masila anarudi Kalama kwa mkewe Kamene, ambaye ametuma ujumbe kwamba hataki kuona kitu chochote kikifunguliwa huko nyumbani kama hakiwezi kufungwa. Ile mikebe minne ya nati inabaki hapa. Mlango wa studio utalala wazi Ijumaa nzima, na bembea imefungwa tena, upande wa pili wa mti, ule wenye afya. Masila ndiye aliyefunga fundo. Mtu mzito asijaribu kwanza.

Ndugu yangu Masila, asante kwa miaka yako, kwa breki zako na kwa kunyamaza kwako. Shamba lako likupokee vizuri, magoti yako yapone, pikapu yako ipate fundi. Na mtu akikuambia tena umwagie miti kitu chochote, hata kama ni mkubwa wako, hata kama ni mimi, muulize kwanza: iliyosimama kwa mizizi ama iliyosimama kwa misumari?